Vidole Vikivimba, Moyo Nao Upimwe

Leo tunaanza na mikono, halafu tutaifuata mpaka kwenye moyo, maana ugonjwa ninaotaka kuuzungumza unapita njia hiyo.

Tuseme yupo mama wa miaka arobaini hapa Kigera, Musoma. Anaamka alfajiri, vidole havikunjiki. Hakulima jana wala hakubeba mzigo. Vifundo vya katikati ya vidole, na vile vinavyoungana na kiganja, vimevimba, vina joto ukivigusa, na mkono wa kulia unafanana na wa kushoto. Ukimpa mkono kumsalimia ukaubana kidogo, anaruka. Hawezi kukamua nguo. Mwiko wa ugali wa muhogo umemshinda, amemwachia binti yake. Ikifika saa nne, viungo vinaanza kulegea, anakwenda mwaloni kugeuza dagaa wake juani kama wenzake, na anayemwona mchana hawezi kuamini alivyoamka. Hali hii ikienda wiki sita, ikaenda miezi mitatu, ikarudi kila alfajiri, huo si uchovu, na wala si umri.

Maumivu ya viungo yako ya namna nyingi, na sisi tumezoea kuyaita yote baridi yabisi. Bibi yako ambaye goti limesagika huumia akitembea, akikaa hupata nafuu. Jongo huvamia usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Mtoto anayeumwa koo, kisha viungo vikamvimba kwa zamu, huyo yuko kwenye hatari ya vali za moyo kuharibika, na ndiyo maana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam hupokea vijana wanaohitaji vali mpya. Lakini mama yetu huyu ana baridi yabisi yenyewe, ile ambayo kinga ya mwili wake, iliyowekwa kupigana na vijidudu, imegeuka na kushambulia ngozi laini inayozungushia viungo. Mashambulizi hayo huleta uvimbe, joto na maumivu, hali ambayo wataalamu huiita mcharuko. Asipotibiwa mapema, mifupa ya vidole hulika na mikono hupinda, isirudi tena.

Mpaka hapo wengi mnanifuata, kwa sababu mikono iliyopinda mmeiona. Mnalolikosa, na simlaumu mtu maana hata katika vyumba vya matibabu halisemwi vya kutosha, ni kwamba mcharuko huo haukai vidoleni. Kemikali zinazotoka kwenye viungo vilivyovimba huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima, saa 24, mwaka hadi mwaka. Na kitu cha kwanza kukutana nazo ni ukuta wa ndani wa mshipa wa damu.

Mshipa usiufikirie kama bomba la maji. Ndani yake umetandazwa utando mwembamba ulio hai, wenye kazi ya kuutanua na kuubana mshipa kadiri damu inavyohitajika, na kuzuia damu isigande ovyo. Utando huo ukiamka kila siku kwenye mcharuko, hupoteza ulaini wake. Seli za kinga hujibandika juu yake, hupenya chini yake, na mafuta yale ya damu, lehemu, hupata mahali pa kujichimbia. Taratibu hujengeka kinundu ukutani mwa mshipa. Kinundu hicho kikipasuka kwenye mshipa wa moyo, damu huganda juu yake, na sehemu ya moyo hufa kwa kukosa hewa. Kikiwa kwenye mshipa unaopanda kichwani, huo ni kiharusi. Mwaka 1999 mtafiti wa Marekani, Russell Ross, aliandika makala iliyosomwa dunia nzima akisema wazi kwamba ugonjwa huu wa kuziba mishipa wenyewe ni ugonjwa wa mcharuko. Kwa hiyo mwenye viungo vinavyowaka na mwenye mishipa inayoziba wana jambo moja linalowasumbua, na kwa mama wa Kigera hao wawili ni mtu mmoja.

Hili linaonekana mapema kabla mtu hajasikia chochote kifuani, na namna linavyoonekana inanishangaza kila nikiifikiria. Mgonjwa hulazwa chali katika chumba tulivu. Mkanda kama ule wa kupimia presha hufungwa mkononi na kujazwa upepo mpaka damu ikatike kwa dakika tano. Kisha mkanda unafunguliwa ghafla, na mpimaji anautazama mshipa wa mkono kwa ultrasaundi. Mshipa wenye afya hutanuka kuipokea damu inayorudi. Wa mgonjwa wa baridi yabisi hutanuka kidogo tu, na hali hiyo imekutwa hata kwa vijana wasio na presha, wasio na kisukari, wasiovuta sigara, ambao ugonjwa wao wa viungo ulionekana kuwa mwepesi. Kule New York, mwaka 2006, madaktari walipima mishipa ya shingo ya wagonjwa 98 wa baridi yabisi na kuwalinganisha na watu wasio na ugonjwa huo, wa umri na jinsia ile ile. Vinundu vilikutwa kwa wagonjwa 44 katika kila 100. Kwa wenzao ni 15 katika kila 100. Hao hawakuwa watu waliokuja wakilalamika moyo.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limechelewa kutufikia sisi wa kando ya ziwa, maana lina historia yake, na historia hiyo iliandikwa ng'ambo ya ziwa hili hili, Kampala. Katika hospitali ya Mulago, miaka ya 1950, shambulio la moyo kwa Mwafrika lilikuwa jambo la nadra kiasi kwamba mwaka 1956 Daktari Hugh Trowell na mwenzake Singh walichapisha taarifa nzima katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki kuhusu mgonjwa mmoja tu. Miaka mitatu baadaye, 1959, Shaper na Jones walipima lehemu ya Waafrika na Wahindi wa Uganda, wakakuta Waafrika wana kidogo, na wakaeleza kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao karibu haupo. Na baridi yabisi nayo ilikuwa na hadithi hiyo hiyo: vitabu vilisema ni ugonjwa wa Wazungu, kwetu ni haba na mwepesi. Kisha Profesa Kanyerezi na wenzake, nao wa Kampala, wakachapisha mwaka 1980 maelezo ya wagonjwa wao Waganda waliokuwa nao.

Madaktari wale wa zamani hawakudanganya. Waliandika walichokiona wakati ule, kwa watu waliokula na kutembea kama wakati ule. Shida ni kwamba maandiko yao yamebaki vichwani mwetu baada ya maisha kubadilika. Mwaka 2015 watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ya Mwanza na wenzao wa Uganda walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania na kusini mwa Uganda: presha imeenea, mijini na vijijini, na wengi waliokutwa nayo hawakuwa wakijua, sembuse kutibiwa. Ndiyo Kanda ya Ziwa hiyo, jirani zetu kabisa. Leo mtu anapanda bodaboda kutoka Kigera hadi Mwigobero, anakula chapati na chai ya sukari nyingi asubuhi, jioni kayabo la chumvi. Magonjwa mawili ambayo vitabu vilisema hatuna yamekutana katika mwili mmoja, na wahudumu wetu wengi walifundishwa kutoyatarajia hata moja.

Ukubwa wa hatari nao msikilizaji unastahili kuujua. Uchunguzi wa wauguzi wanawake zaidi ya laki moja wa Marekani, uliochapishwa 2003, ulionyesha kwamba wenye baridi yabisi walipata shambulio la moyo mara mbili ya wenzao, na waliokaa na ugonjwa miaka kumi au zaidi walifikia mara tatu. Kule Denmark, watafiti waliangalia taifa zima na kuandika mwaka 2011 kwamba hatari ya shambulio la moyo kwa mgonjwa wa baridi yabisi inalingana na ya mgonjwa wa kisukari. Hapo ndipo naomba usimame kidogo. Mgonjwa wa kisukari hapa Musoma ana kliniki yake, ana kadi yake, kila akifika anapimwa presha hata kama amekuja kwa kidonda cha mguu. Mwenye vidole vilivyovimba anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa aendelee hivyo hivyo.

Tena moyo wake huwa hausemi kwa lugha tuliyoizoea. Katika wagonjwa wa baridi yabisi, mashambulio ya moyo yasiyotambuliwa ni mengi kuliko kwa watu wengine. Badala ya maumivu makali ya kifua, anaweza kusikia kukosa pumzi, kubanwa taya au bega, jasho la baridi, au kuungua chini ya chembe cha moyo. Na kwa kuwa amekuwa akimeza dawa za maumivu zinazounguza tumbo, yeye mwenyewe na jirani zake watasema ni vidonda vya tumbo, atapewa maziwa, atalala. Mwanamke mwenye viungo vya namna hii akipata hali hiyo ghafla, apelekwe hospitali muda huo huo, usiku au mchana, na atakayempeleka aseme mlangoni kabisa kwamba ana baridi yabisi.

Hata kipimo cha lehemu kinaweza kutuficha. Mcharuko ukiwa mkali, lehemu katika damu hushuka, kwa hiyo karatasi ya maabara inakuja na namba nzuri wakati mishipa inaharibika. Anayesoma karatasi hiyo bila kuangalia mikono ya mgonjwa atampongeza mtu aliye hatarini.

Nije kwenye duka la dawa, kwa maana huko ndiko wengi wetu tunatibiwa. Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003, na yametufaa sana. Nisingependa mtu anielewe vibaya. Lakini sikiliza mazungumzo haya, ambayo yeyote aliyesimama kwenye dirisha hilo ameyasikia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nipe zile za juzi." "Diclopa?" "Hizo hizo. Na ile ndogo nyeupe kama ipo, niongezee." Diclopa ni diklofenaki iliyochanganywa na parasetamo. Ile ndogo nyeupe ni predinisoloni.

Tuanze na diklofenaki. Inatuliza maumivu kweli, mtu anaweza kuamka na kufanya kazi. Haizuii mfupa kulika, wala haizimi mcharuko unaokula mishipa. Na yenyewe ina madhara kwenye moyo: mwaka 2013 watafiti wa Oxford walikusanya takwimu za majaribio mamia, wakakuta kwamba katika watu 1,000 wanaoitumia mwaka mzima kwa dozi kubwa, watatu zaidi hupata shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha namna hiyo kuliko wasioitumia. Dozi kubwa hiyo ni miligramu 150 kwa siku, yaani kidonge cha 50 mara tatu. Ndiyo dozi ambayo mama yetu anaimeza kila siku bila kujua ni kubwa. Mwaka huo huo wasimamizi wa dawa wa Ulaya walisema asipewe mtu mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi. Juu ya hayo, dawa za kundi hili hupandisha presha na kuchosha figo. Kwa siku tatu za maumivu, sawa. Kwa miaka, na kwa mtu ambaye mishipa yake tayari inashambuliwa, hapana.

Predinisoloni ni jambo zito zaidi, maana inafanya kazi vizuri mno. Mtu aliyekuwa hanyanyuki anaimeza jioni, asubuhi anafagia uwanja. Madaktari huitumia, kwa dozi ndogo na muda mfupi, wakisubiri dawa yenyewe ianze kazi. Ikinywewa mwaka mzima kutoka dirishani, hupandisha presha, hupandisha sukari, huvimbisha uso, hulainisha mifupa, na moyo unazidi kubebeshwa. Aliyeizoea asiikatishe ghafla, nalisema hili kwa uzito: mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake, na kuacha siku moja kunaweza kumwangusha. Aende kwa daktari ipunguzwe kidogo kidogo. Na zile dawa za unga za kuzungushwa mnadani, zisizo na lebo, zinazotibu viungo kwa usiku mmoja, katika nchi kadhaa zimepimwa zikakutwa zimechanganywa na dawa za kundi hili hili.

Dawa yenyewe ipo, na si ngeni nchini. Methotreksate imetumika kwa miaka mingi kutibu saratani. Kwa baridi yabisi hutolewa kwa dozi ndogo sana, mara moja kwa wiki, pamoja na vidonge vya foliki. Inaichosha kinga iliyogeuka, inazima mcharuko wenyewe. Mwaka 2002 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya elfu moja wa kule Kansas, Marekani, ulichapishwa ukionyesha kwamba waliotumia methotreksate walikufa kwa moyo na mishipa kwa kiwango kidogo sana kuliko wasioitumia. Walipojaribu kuwapa watu wenye ugonjwa wa moyo wasio na mcharuko wa namna hii, jaribio kubwa lililotolewa 2018, haikuwasaidia. Kwa hiyo si dawa ya moyo ya kila mtu. Inamlinda huyu kwa sababu inazima kinachomuumiza.

Haitakiwi kununuliwa kienyeji. Mwenye mimba au anayetafuta mtoto haruhusiwi kuitumia. Ini na chembe za damu lazima vipimwe kila baada ya muda, na kifua kikuu kitafutwe kwanza. Na kosa linaloua ni kuimeza kila siku badala ya kila wiki. Ukipewa, chagueni siku nyumbani, tuseme Jumamosi, iandikwe kwenye kasha kwa kalamu nene, na mtu mwingine wa nyumba aijue siku hiyo.

Najua safari yake. Zahanati haina dawa hiyo. Mgonjwa ataelekezwa Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ile ya Kwangwa, na pengine kutoka hapo Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kwa basi, na vidole vyake havishiki hata bomba la kiti. Gharama hiyo ni halali kuilalamikia. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji basi. Kupima presha ni jambo la dakika chache: kaa kitini umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, usiongee. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya kutibiwa, na dawa zake nyingi ni za bei nafuu. Sigara iachwe kabisa, maana inachochea magonjwa yote mawili kwa pamoja. Chumvi ipunguzwe, kayabo liloweshwe na maji yamwagwe. Jiko la kuni liwe na upenyo wa moshi. Na siku ambazo viungo vimepoa, mtu atembee, kwa kuwa kukaa ndani kwa hofu ya maumivu kunamwongezea mzigo moyoni.

Nina neno kwa waganga wafawidhi na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya Musoma, Bunda na Butiama mnaonisikia. Chati ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria hatari ya moyo, ile iliyotolewa upya 2019, inauliza umri, jinsia, sigara, presha, na kisukari pamoja na lehemu, au unene. Haiulizi viungo. Mama wa miaka arobaini, mwembamba, asiyevuta sigara, atakaa kwenye rangi ya kijani, mtamrudisha nyumbani kwa nia njema. Madaktari wa viungo wa Ulaya walishaagiza kwamba kwa mgonjwa wa baridi yabisi kadirio linalopatikana lizidishwe kwa moja na nusu. Hatuhitaji kibali cha mtu kufanya hivyo Kigera. Anapoingia mtu anayelalamika vidole vya alfajiri, mfungieni mkanda wa presha kabla hamjaandika dawa, pimeni sukari, ulizeni kuhusu Diclopa na ile ndogo nyeupe, kisha pembeni ya kadi yake, mahali ambapo mwenzenu wa zamu nyingine ataona, andikeni kwamba huyu afuatiliwe moyo kama mgonjwa wa kisukari.